Barua ya wazi kwa wakuu wa teksi mtandao: tuonyesheni hesabu yote

Kwa wakuu wa kampuni za teksi mtandao, na kwenu ninyi wa mamlaka za usafiri na wizara za kazi mnaozipa kampuni hizo vibali,

Salaam.

Ninaandika nikiwa dereva, na nitaendelea kuwa dereva baada ya barua hii ikiwa akaunti yangu itakuwa bado iko wazi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo linalowafanya wenzangu wengi waishie kunung'unika kwenye makundi ya simu na kwenye foleni za uwanja wa ndege. Mtu anayeweza kuzimiwa kazi na ujumbe wa mistari miwili haandiki barua kirahisi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Najua ninyi si wanyonge, lakini haki yenu mtapewa hapa kabla sijaanza kudai yangu.

Kazi hii ina mazuri yake. Haijali umesoma wapi wala unamjua nani. Ukiwa na leseni, cheti cha tabia njema, gari linalokidhi masharti na simu isiyogandaganda, unaingia barabarani. Kwa mtu aliyetembeza bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi akajibiwa "tutakupigia", hilo si jambo dogo hata kidogo. Unawasha programu unapotaka na unaizima unapotaka. Mzazi mwenye mtoto anayehudhuria kliniki, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mwajiriwa ambaye mshahara wake unaisha tarehe kumi, wote hawa wanapata mlango. Sijui mwajiri mwingine anayekubali mtu aje kazini saa nne asubuhi, aondoke saa sita, arudi saa mbili usiku, na asiandike hata barua ya kuomba ruhusa.

Tena wanaosifu teksi za zamani wamesahau mengi. Vituo vilikuwa na wenyewe. Ukifika na gari lako unaambiwa ulipe kiingilio, kisha usubiri zamu iliyopangwa na wazee wa kituo wanavyojua wao. Nauli ilikuwa ya kupatana, na abiria mgeni alikamuliwa mchana kweupe. Programu zimeondoa hayo. Abiria ana jina na namba, safari ina njia iliyorekodiwa, nauli haina mabishano mlangoni. Mwanamke anayetoka kazini usiku anaweza kumtumia ndugu yake safari ikafuatiliwa hadi mwisho. Na dereva mgeni mjini hahitaji tena kuwa mzaliwa wa kila mtaa ili afanye kazi.

Kwa hiyo sijaja kuomba mfungiwe. Wanaotaka kuwafungia wana sababu zao, na nyingine ni za wenye vituo vile vile vya zamani.

Nimekuja kwa sababu kila tunapolalamika mnatujibu kwa neno moja: uhuru. Nauli imeshuka? Uko huru kuizima programu. Abiria yuko mbali? Uko huru kukataa. Kamisheni imepanda? Uko huru kuhamia kwingine. Uhuru huo naupenda, nimeshasema. Lakini mtu huchagua vizuri anapojua anachokichagua, na katika biashara hii ninyi mnajua kila kitu: abiria amelipa kiasi gani, anakwenda wapi, madereva wangapi wako mtaa ule, nani atakubali safari ya nauli ndogo kwa sababu rejesho la mkopo linamsubiri. Dereva anajua kile tu ambacho skrini imeamua kumwonyesha, kwa sekunde chache, huku mikono ikiwa kwenye usukani.

Chukueni hizo sekunde chache. Simu inalia, kuna safari. Katika programu nyingi, kwa muda mrefu, dereva alionyeshwa abiria alipo na hakuonyeshwa aendako mpaka ampakie. Zipo zilizobadilika zikaanza kuonyesha mwelekeo na makadirio ya malipo. Zipo zinazoonyesha hayo kwa dereva mwenye kiwango cha juu cha kukubali safari tu, yaani unapewa macho kwa sharti kwamba umekwishakubali mara nyingi ukiwa kipofu. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu ukikataa kununua unahesabiwa kuwa mnunuzi mbaya.

Utetezi wenu naujua, na si wa kupuuzwa. Mnasema madereva wakijua mwisho wa safari watawakwepa wakazi wa pembezoni, wenye barabara mbovu na wenye sifa mbaya hata kama sifa hizo ni za uongo. Ni kweli. Nimewasikia wenzangu wakifanya hivyo na kucheka. Lakini jiulizeni kwa nini dereva anakwepa kwenda pembezoni. Wachache ni dharau tu. Wengi wanajua kwamba wakifika huko watarudi tupu, na kurudi tupu hakuna anayekulipa. Ninyi mmelitatua tatizo la abiria wa pembezoni kwa kumficha dereva hasara yake. Mngeweza kulitatua kwa kuongeza nauli ya safari zinazoishia mahali pasipo na abiria wa kurudi nao, au kwa kukata kamisheni ndogo kwenye safari hizo. Data ya kufanya hivyo mnayo, maana ndiyo hiyo hiyo mnayotumia kupandisha nauli mvua ikinyesha.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuuma. Tuseme abiria yuko kilomita nne kutoka nilipo, safari yake ni kilomita sita, na baada ya kumshusha ninarudi kilomita tano kufika mahali penye watu. Gari limekimbia kilomita kumi na tano. Nimelipwa za kilomita sita. Katika malipo hayo kamisheni yenu inatoka kwanza, halafu mafuta ya kilomita zote kumi na tano yanatoka kwenye kilichobaki. Muda wa kwenda, wa kumsubiri abiria anayesema "nashuka sasa hivi" huku bado anaoga, na wa kurudi, huo haumo kabisa. Jioni mnanitumia taarifa nzuri yenye rangi: leo umepata kiasi hiki. Neno "umepata" limewekwa juu ya fedha ambayo nusu yake bado ina safari ya kwenda kituo cha mafuta.

Na mafuta ni gharama rafiki, kwa sababu unaiona. Gari lenyewe ndilo linalokuliwa kimyakimya. Mwenye gari wa kawaida, anayekwenda kazini na kurudi, hubadilisha oili mara chache kwa mwaka. Dereva anayekimbia kilomita mia mbili kwa siku anatimiza elfu tano ndani ya mwezi mmoja, na huo kwa magari mengi yanayotumia oili ya kawaida ni muda wa sevisi. Tairi, breki pedi, shokapu, bushi, betri, kiyoyozi ambacho abiria anakitaka muda wote, viti vinavyochakaa, kioo kilichopasuliwa na jiwe: vyote vinakuja mapema kuliko mtu alivyozoea, na haviji kwa pamoja, vinakuja kwa zamu kama wadai. Zaidi ya hivyo kuna thamani ya gari inayoshuka kila kilomita. Miezi ya mwanzo dereva mpya anajiona amefanikiwa, anawashauri ndugu zake wajiunge. Haoni kwamba sehemu ya fedha anayotumia nyumbani ni gari lake analoliuza kipande kipande. Siku giaboksi inapokataa ndipo anapokuta hakuna akiba ya kulinunulia jingine, kwa sababu akiba hiyo ilikwishaliwa ikiitwa mapato.

Asiyemiliki gari ana hesabu ya namna nyingine. Kila siku, au kila wiki, anapeleka fedha kwa tajiri, yaani mwenye gari, mvua inyeshe au jua liwake, mtandao uwepo au usiwepo. Tajiri kwanza, kamisheni pili, mafuta tatu, familia mwisho. Anayeendesha hivyo hapati usingizi hadi hesabu ya tajiri itimie, na huyo ndiye mnayemkabidhi abiria saa tisa usiku. Nyingi ya programu zenu zinamzima dereva aliyepitisha saa fulani, jambo jema, ila dereva huyo huyo ana programu mbili au tatu kwenye simu moja, na kila moja inaamini amelala pale anapokuwa kwenye nyingine. Wadhibiti, hapo panawahusu ninyi zaidi. Kampuni haiwezi kujua saa za mpinzani wake. Ninyi mnaweza kuagiza zihesabiwe pamoja.

Kuhusu kamisheni, mabishano mengi yamekuwa juu ya asilimia. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2022, iliweka ukomo wa asilimia 18. Tanzania mwaka huo huo mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilishusha ukomo hadi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake za kawaida nchini humo mwezi Aprili, na ikarejea Januari 2023 baada ya masharti kulegezwa. Pande zote mbili zilijifunza jambo pale. Serikali ilijifunza kwamba kampuni inaweza kuondoka. Kampuni, naamini, ilijifunza kwamba abiria wakizoea programu nyingine hawaulizi iliyoondoka iko wapi.

Mimi naunga mkono ukomo, lakini sidhani unatosha. Ukimzuia mtu asichukue zaidi ya asilimia fulani ya nauli, bado anaweza kushusha nauli ya msingi ili apate abiria wengi, na bado anaweza kumtoza abiria ada ya huduma ambayo haihesabiwi kwenye nauli. Asilimia inabaki halali na dereva anabaki na kidogo. Na zipo programu ambazo siku hizi hazina tena asilimia moja inayojulikana: abiria anaonyeshwa bei yake, dereva anaonyeshwa malipo yake, na kati ya namba hizo mbili kuna pengo linalobadilika safari hadi safari. Mara nyingine nimemuuliza abiria amelipa ngapi, naye akanionyesha simu yake, tukabaki tunatazamana. Yeye alidhani mimi ni mwizi wa nauli kubwa. Mimi nilidhani yeye amepewa punguzo. Wote wawili hatukuwa na habari.

Dawa ya hapo ni rahisi kuliko ukomo wowote. Kila safari ikiisha, risiti ya dereva na ya abiria zionyeshe mambo matatu yale yale: abiria amelipa ngapi, dereva amepata ngapi, kampuni imebaki na ngapi. Jimbo la Colorado huko Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria ya mwelekeo huo, inayotaka dereva na abiria waonyeshwe mgawanyo wa fedha iliyolipwa. Dawa hiyo haihitaji mahakama wala mgomo. Inahitaji namba tatu kwenye skrini. Mkisema ni siri ya biashara, basi na mimi niruhusiwe kuita mafuta yangu siri ya biashara niyatoze bila kuyaeleza.

Nirudi kwenye muda wa kusubiri, kwa sababu ndiko ubishi mkubwa wa dunia katika kazi hii ulipo, na majibu yaliyotolewa yanafundisha.

Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliokuwa wameshtaki walikuwa wafanyakazi kwa maana ya sheria ya huko, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, na kwamba muda wao wa kazi ulianza pale walipowasha programu wakiwa tayari kupokea safari ndani ya eneo lao. Sababu za mahakama ziliandikwa kana kwamba jaji alikaa kiti cha nyuma: kampuni ndiyo inayopanga nauli, kampuni ndiyo inayoandika mkataba, kampuni inamfuatilia dereva kwa viwango vya kukubali na kughairi, inatumia nyota ambazo abiria humpa dereva kuamua nani abaki, na inazuia dereva na abiria wasijuane zaidi ya safari moja. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuwapa madereva wa huko haki hizo, ila malipo ya kima cha chini yakahesabiwa tangu dereva anapokubali safari. Saa ya kusubiri ikabaki bila mwenyewe.

Katika jimbo la California, Marekani, njia ilikuwa nyingine. Novemba 2020 wapiga kura waliipitisha hoja iitwayo Proposition 22, baada ya kampuni za majukwaa, yaani zinazogawa kazi kupitia programu za simu, kumwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye kampeni, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaithibitisha mwaka 2024. Madereva wakabaki wakandarasi huru, wakaahidiwa asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara. Ahadi inasikika tamu mpaka usome mstari unaofuata: inahesabu muda wa safari tu, tangu kukubali hadi kumshusha abiria. Dereva aliyekaa saa nzima bila simu kulia, saa hiyo haipo.

Jiji la New York ndilo lililofanya hesabu ninayoiheshimu. Kuanzia 2019 kanuni yake ya malipo ya chini kwa safari inaingiza kipimo cha muda ambao madereva wanakuwa na abiria ndani ya gari. Madereva wakizurura tupu zaidi, malipo kwa kila kilomita na dakika yanapaswa kupanda. Ghafla kampuni ikawa na sababu ya kujali ni madereva wangapi inawasajili. Na angalieni kilichofuata: mwaka 2024 kampuni zilianza kuwafungia madereva nje ya programu kwa vipindi mchana, ili saa zao za kusubiri zisihesabiwe. Kwa hiyo wadhibiti, mkiiga kanuni ile, igeni pamoja na kuziba tundu hilo.

Najua kampuni itauliza: je, dereva aliyewasha programu akaenda kulala chini ya mwembe alipwe? Hapana, wala sijaomba. Programu inajua aliyekaa mahali penye kazi akakubali safari anazopewa, na inajua aliyeiwasha akalala. Mnatupima kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sasa niseme lililonifanya niandike, maana nauli ndogo mtu anaweza kuizoea.

Ni kufungiwa akaunti. Dereva anaamka, anafungua programu, anakuta maneno: akaunti yako imesimamishwa kwa kukiuka miongozo ya jumuiya. Mwongozo upi? Safari ipi? Nani kalalamika? Haielezwi. Anaandika kwenye sehemu ya msaada, anajibiwa na ujumbe uliokwishaandikwa tangu kabla hajauliza. Anaandika tena, jina la anayemjibu limebadilika, maneno ni yale yale. Akiwa na bahati mjini kwake kuna ofisi. Anakwenda, anakutana na kijana mstaarabu anayetazama kompyuta na kusema uamuzi umetoka juu. Huko juu hakuna ngazi. Wakati huo gari limeegeshwa, mkopo wake unatembea, na nyota alizozikusanya kwa miaka haziwezi kuhamia programu nyingine.

Nimeshuhudia mwenzangu akifungiwa kwa malalamiko ya abiria ambaye alitaka kupakia watu sita kwenye gari la watu wanne. Dereva alikataa, kama sheria ya barabarani na kanuni za kampuni yenyewe zinavyotaka. Abiria akaripoti kwamba dereva ni mlevi. Zipo programu zinazomrudishia nauli abiria anayeripoti kosa, na watu wamejifunza. Sisemi kila malalamiko ni uongo. Wapo madereva wanaowasumbua wanawake, wapo wanaoendesha wamelewa, na hao wazimwe hata usiku wa manane, kwanza wazimwe kisha wahojiwe. Ninachodai ni hayo mahojiano yafuatayo. Kusimamisha kwa tahadhari ni jambo moja. Kuhukumu bila kusikiliza ni jingine.

Kuna na mashine ya kutambua sura. Kabla ya kuanza kazi unapigwa picha, programu inailinganisha na ya kwenye faili. Nia ni nzuri, inazuia akaunti kukodishwa kwa mtu asiye na leseni. Lakini mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia kwa kutazama uso, wakakuta makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yanafika asilimia 34.7, huku kwa wanaume weupe yasizidi asilimia 0.8. Mifumo imeboreshwa tangu wakati huo, na kulinganisha sura si kazi ile ile. Bado, kampuni inayokabidhi ajira ya mtu mweusi, saa kumi na moja alfajiri, kwenye mwanga wa taa ya ndani ya gari, kwa mashine ya jamii hiyo, inapaswa kuweka binadamu nyuma yake mwenye mamlaka ya kusema "huyu ndiye".

Binadamu wa kweli, si wa kupigia muhuri. Aprili 2023 Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam, katika kesi za madereva waliofungiwa akaunti, iliona kwamba ushiriki wa watu ambao Uber ilisema ulikuwepo katika maamuzi ya kuwafungia haukuonyeshwa kuwa zaidi ya ishara tu, na ikaamuru madereva waelezwe jinsi maamuzi hayo yalivyofikiwa. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ukapitisha agizo kuhusu kazi za majukwaa: uamuzi wa kuzuia, kusimamisha au kufunga akaunti ufanywe na mtu, na mfanyakazi apewe maelezo kwa maandishi. Nchi wanachama zina hadi Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Kampuni zinazofanya kazi huko italazimu zijenge utaratibu huo. Zikishaujenga, itagharimu nini kuufungua kwa dereva wa bara jingine anayetumia programu ile ile?

Mengine nitayataja kwa haraka kwa sababu hayana ubishi. Bima ya gari binafsi mara nyingi hailipi ajali ikitokea gari likiwa kazini, na madereva wengi wanalijua hilo siku ya ajali. Mwambieni mtu siku ya usajili, kwa herufi kubwa. Abiria anayelipa taslimu akikimbia bila kulipa, kamisheni isikatwe. Kitufe cha dharura kiwe upande wa dereva pia, na kikibonyezwa kiitikiwe. Abiria naye athibitishwe utambulisho, maana dereva ndiye anayegeuza mgongo wake kwa mtu asiyemjua. Na mtu anayekaa kwenye kiti kimoja saa kumi anahitaji choo. Nimeona kampuni zikishirikiana na hoteli kuuza punguzo kwa abiria. Ushirikiano wa vyoo haungeshindikana.

Kuna watakaoisoma barua hii wakasema suluhisho ni moja, tuajiriwe wote. Mimi si katika hao, au si bado. Madereva ninaowafahamu wamegawanyika katikati. Anayeendesha usiku na mchana kwa programu moja ameajiriwa tayari, kilichokosekana ni jina na haki zake, na kumwita mfanyabiashara huru ni mzaha. Anayewasha jioni mbili kwa wiki hataki kupangiwa zamu. Sheria inayomtazama mmoja inamkosa mwingine. Uingereza ilikuwa na daraja la kati katika sheria zake, kati ya mwajiriwa na mfanyabiashara huru, ndiyo maana mahakama ilipata pa kuwaweka madereva. Nchi nyingi hazina, na kazi ya kulibuni ni ya bunge. Ila kwa kampuni nasema: upendo wetu kwa uhuru msiufanye ngao. Risiti ya kweli haimwondolei mtu uhuru, wala kusikilizwa kabla ya kufungiwa hakumwondolei.

La mwisho linahusu watu ambao bado hawajawa madereva. Matangazo yenu yanasema jiajiri, panga mapato yako, wengine wanapata hadi kiasi fulani kwa wiki. "Hadi" hiyo ni ya nani, aliendesha saa ngapi, gari lilikuwa la nani? Kijana anasoma tangazo hilo, anakwenda kukopa gari kupitia taasisi ambayo wakati mwingine ninyi wenyewe mmeipendekeza, na rejesho linakatwa moja kwa moja kwenye mapato yake kabla hajayaona. Mwezi ule ule mnasajili wengine kama yeye katika jiji lile lile, na hakuna anayemwambia kwamba kila aliyesajiliwa anapunguza simu zinazolia kwenye gari lake.

Basi kwenye ukurasa wa usajili, kabla ya sehemu ya kupakia leseni, wekeni jedwali moja la jiji husika: mapato ya katikati kwa saa (nusu ya madereva hupata zaidi yake, nusu hupata chini), saa za kusubiri zikiwemo, baada ya kamisheni, kilomita tupu kwa kila kilomita yenye abiria, na idadi ya madereva waliokuwa hewani mwezi uliopita. Libadilishwe kila robo mwaka. Wadhibiti, lifanyeni sharti la kibali, na mlikague ninyi, si kampuni ijikague. Anayeliona jedwali hilo kisha akaamua kukopa gari, huyo amechagua. Ningependa kujua, kutoka kwa kila kampuni na kila mamlaka iliyopokea barua hii, kwa maandishi na kwa tarehe, ni lini jedwali hilo litawekwa, na kama halitawekwa, kwa nini.

Wenu,
Dereva wa teksi mtandao